Injini Hufunguliwa Mwisho

Kati ya Sake na Mushaki kuna mlima ambao mafundi wa pikipiki wa Masisi, mashariki mwa Kongo, wanauamini kuliko kipimo chochote cha dukani. Pikipiki inayopanda huku ikitoa moshi wa buluu mfululizo imemaliza ringi za pistoni, zile ambazo mafundi wa Kivu huziita segma. Nyingine hupanda bila kasoro, kisha baada ya mteremko mrefu wa kurudi Sake, motari, yaani dereva wa pikipiki, akikaza tena mkono wa mafuta, inatema wingu moja la buluu na kutulia. Hiyo ringi zake bado nzima. Kilichochoka ni sili za valvu, ambazo oili hupenya wakati injini inavuta kwa nguvu mafuta yakiwa yamefungwa. Moshi mweusi hauhusu oili kabisa: ni petroli nyingi kuliko hewa. Hakuna boliti hata moja iliyoguswa, na tayari fundi anajua kazi itakuwa ya aina gani na mwenye pikipiki aanze kutafuta pesa kiasi gani.

Mwandishi wa makala haya aliikuta elimu hiyo Sake, kwa fundi mzee ambaye wanagenzi wote walimwita Papa. Karakana ilikuwa ua wa nyumba tu: mparachichi, turubai, mabeseni mawili ya plastiki na benchi fupi la mbao za mkaratusi. Mwanagenzi mmoja kijana alikuwa na haraka ya vijana wote wanaoshika spana kwa mara ya kwanza, haraka ya kuona ndani.

"Papa, nifungue kichwa?"

"Umeosha?"

"Nimeosha."

"Umepima?"

Kijana akanyamaza.

"Basi bado, kijana wangu."

Wateja walikereka. Wengi walitaka kuona vyuma vimetapakaa chini ili waamini kwamba kazi imeanza. Papa alikuwa na sababu zake za kutoharakisha, na sababu ya kwanza ilikuwa jiografia. Sake iko kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, na kwa fundi wa hapo gasketi iliyokosekana ni safari ya saa chache kwenda na kurudi Birere, mtaa wa biashara wa Goma. Masisi-centre iko kilomita 80 hivi kutoka mjini, na nyingi si kilomita za lami. Anayefungua injini ndani zaidi, Nyabiondo au Kibua, kisha akagundua hana gasketi ya kichwa anasubiri mtu anayeshuka Goma, anayeaminika kushika dola, anayejua kutofautisha kifaa na kifaa, na barabara iliyo wazi. Mambo hayo manne hayakutani kila wiki.

Walikale ni mbali zaidi. Kwa miaka mingi ya biashara ya kasiteriti, madini ya bati yaliyovumbuliwa Bisie mwaka 2002, ndege ndogo kutoka Goma zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikishusha bia, nguo na vipuri, na kupakia magunia ya madini. Pistoni ilisafiri kwa ndege pamoja na sabuni. Mteja mmoja wa upande wa Njingala alifungua injini yake mwenyewe wakati ndege zimesimama, akaweka silinda chini ya kitanda akisubiri vipuri. Msitu wa Walikale una unyevu ambao mtu wa Masisi haufikirii. Silinda nyingi za pikipiki hizi, ndani ya mapezi yake ya alumini, zina mkono wa chuma cha kusubu, na chuma hicho kikikaa bila oili huota kutu kwa usiku mmoja. Vipuri vilipofika, ringi mpya ziliingia ndani ya silinda iliyojaa mashimo ya kutu. Lau angeipaka oili na kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki, ringi zile zingekuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo maandalizi huanza kwa kuuliza injini maswali ikiwa bado imefungwa. Swali kubwa ni la mgandamizo. Ukiwa na geji, unatoa plagi, unaifunga geji mahali pake, unafungua mkono wa mafuta wote na kupiga kiki hadi mshale usipande tena. Kisha unamimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na kupima upya. Namba ikipanda, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ringi au silinda ndiyo mgonjwa. Ikibaki palepale, hewa inatorokea kwenye valvu au gasketi ya kichwa.

Hapa vitabu vya kiwandani vinampotosha fundi wa milimani bila kukusudia. Namba zao zimepimwa karibu na usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na milima ya Masisi inavuka 2,000. Kwenye mita 2,000 msukumo wa hewa umepungua kwa takriban moja ya tano. Injini nzima ambayo ingeonyesha baa 12 Mombasa itaonyesha kama tisa na nusu juu ya Masisi, na fundi anayesoma kitabu bila kutazama mlima aliosimama atamwuzia mwenzake pistoni asiyoihitaji. Papa hakuwa na lugha ya baa wala msukumo. Alichofanya ni kupima pikipiki mpya za wateja, zile zilizotoka dukani karibuni, na kuandika namba zao kwa chaki nyuma ya mlango. Hiyo ndiyo iliyokuwa namba yake ya Masisi, na mwandishi hajaona kipimo cha haki kuliko hicho.

Asiye na geji hutumia mguu na sikio. Unakanyaga kiki polepole hadi inapokataa, unaibana hapo, na kusikiliza. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Ikisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikinong'ona kwenye bomba la kupumulia kizimba cha injini, ni ringi. Mafundi wengi wa vijijini hufanya hivi bila hata kujua kwamba wanafanya uchunguzi.

Kuosha kulimchosha kijana kuliko kazi yoyote, na alidhani ni adhabu ya wanagenzi. Lakini udongo wa huku si udongo wa kawaida. Sehemu ya Goma ilifunikwa na lava ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na volkano hiyo ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kabla ya hapo, mtiririko wa lava wa volkano ya Nyamulagira wa miaka ya 1938 hadi 1940 ulifika ziwani karibu na Sake. Watu hujenga kwa mawe hayo meusi na kuyaponda kuwa kokoto za barabara. Vumbi lake lina kingo kali, tofauti na vumbi jekundu la tambarare. Likiingia kwenye kabureta linasaga ringi na ukuta wa silinda kama msasa. Likianguka ndani ya kizimba kilichofunguliwa linakaa kwenye beringi za krenki. Punje chache zinatosha kuiua injini mpya kabla ya oili yake ya pili.

Basi unachukua mafuta ya taa, brashi ya meno iliyozeeka, kipande cha waya kwa ajili ya mapezi ya silinda, na unaosha hadi boliti zote zionekane rangi zake. Unaziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa kitambaa. Unaosha pia mahali utakapofanyia kazi: unamwagia ua maji vumbi lilale, unatandika turubai safi, na unawafukuza kuku, jambo ambalo hakuna kitabu cha ufundi kinacholitaja. Upepo wa mchana ukivuma kutoka upande wa barabara ya lava, Papa alikuwa akifunika kila kitu na kwenda kunywa chai.

Ndipo oili inamwagwa, si chini, bali ndani ya beseni jeupe, kupitia kitambaa chembamba. Ukipitisha sumaku ya spika kuukuu, chembe zinazonata ni chuma: ringi, silinda, gia au beringi. Chembe zinazong'aa zisizonata ni alumini, mara nyingi pistoni. Vipande vidogo vyeusi kama makapi hutoka kwenye sahani za klachi. Beseni hilo lina habari nyingi kuliko maelezo ya motari, ambaye kwa kawaida anaapa kwamba tatizo limeanza jana.

Mtu wa mji akisikia habari ya kufufua injini nyumbani hufikiria kabati la spana zinazong'aa. Masisi hailei kabati. Februari 2024 mapigano yalipofika kandokando ya Sake, watu walikimbilia upande wa Goma kwa maelfu, wakajaa kambi za Mugunga, Bulengo na Lushagala. Januari 2025 Goma yenyewe ilitekwa na waasi wa M23. Walikale-centre iliingiwa Machi mwaka huohuo, kabla waasi hawajaondoka mwanzoni mwa Aprili. Fundi wa eneo hili hununua kifaa akijiuliza swali ambalo mwenzake wa Nairobi halijui: je, kitabebeka mgongoni pamoja na mtoto? Vaisi nzito, benchi, jeki, vyote hubaki na kuibwa. Ufundi ulioendelea chini ya shitingi ya kambi ni ule ulioingia kwenye gunia moja.

Mwandishi ameona magunia kadhaa ya namna hiyo yakifunguliwa, na yanafanana. Ndani mna spana za 8, 10, 12, 14 na 17, za aina mbili, mdomo wazi na pete. Mna T ya 8 na T ya 10, kwa sababu karibu boliti zote za vifuniko vya injini ndogo ni za ukubwa huo. Mna soketi chache za boliti kubwa, koleo ya mdomo mwembamba kwa viklipu vya pini ya pistoni, na bisibisi ya kugonga. Hii ya mwisho ndiyo kifaa ambacho wanaoanza hukidharau. Skrubu za nyota za vifuniko vya pembeni hukazwa kiwandani, joto likazikaza zaidi, na bisibisi ya kawaida huzing'oa vichwa. Ya kugonga hugeuza pigo la nyundo kuwa mzunguko mfupi wenye nguvu, na skrubu inakubali.

Halafu kuna vifaa ambavyo haviazimiki kwa spana nyingine: pula ya magneto na soketi yenye meno manne ya nati ya klachi. Pula ina uzi wake kwa kila aina ya pikipiki, nyingine uzi wa kushoto, na ya TVS haitaingia kwenye injini ya Kichina kwa kulazimishwa. Mafundi wengine hupiga magneto kwa nyundo hadi iachie. Huachia kweli, pamoja na sumaku za ndani na ncha ya krenki. Bei ya pula ni ndogo kuliko bei ya krenki, na hesabu hiyo haihitaji shule. Soketi ya klachi hata wachomeleaji wa Sake huitengeneza kutoka kwenye kipande cha bomba, kwa kukata na kubakiza meno manne; ni kazi nzuri, mradi wapewe nati halisi ya kupimia.

Kipande cha kioo pia kimo, kimefungwa ndani ya fulana. Kioo ni bapa. Ukigandisha msasa laini juu yake na kuuzungusha uso wa kichwa cha silinda hapo, taratibu, kwa umbo la nane, unaona mara moja palipoinama: mahali pasiposuguliwa hubaki na rangi ya zamani. Karakana za mjini hufanya hivyo kwa mashine.

Kinachokosekana katika magunia mengi ni spana ya toki, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Ni ghali, ni ndefu, na ikianguka hovyo haiaminiki tena. Nati nne za kichwa cha silinda zikikazwa kwa hasira ya mkono, upande mmoja hubana kuliko mwingine, gasketi huvuja, au uzi wa alumini hukatika. Papa alilitatua jambo hili kwa kifaa ambacho kila soko la Masisi linacho: mizani ya ndoano, ya kupimia maharage na viazi. Rubaya, ambako kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa hutoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, vijana wamekua wakisoma mizani kabla ya kusoma vitabu. Unafunga ndoano kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, na kuvuta kwa pembe mraba hadi mizani isome kilo 10. Kilo 10 za uzito ni nguvu ya nyutoni 98. Zidisha kwa mita 0.20, unapata karibu 20, yaani nyutoni-mita 20. Kitabu kikitaka 25, unasogeza ndoano hadi sentimita 25 na ushei. Unakaza kwa msalaba, kwanza nusu ya nguvu, kisha nguvu yote. Mwandishi amewahi kulinganisha njia hiyo na spana ya toki ya fundi wa Goma, na tofauti haikuwa ya kugombaniwa.

Kifaa kingine kidogo kisichoachwa ni fila, vile vibapa vya chuma vyenye unene ulioandikwa. Nafasi ya valvu za injini hizi ndogo mara nyingi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 injini ikiwa baridi, na hakuna kidole kinachoweza kukisia hapo. Fila hiyohiyo ndiyo inayoamua kama silinda inafaa. Unaichukua ringi, unaiingiza ndani ya silinda bila pistoni, unaisukuma kwa kitako cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha unapima mwanya wa ncha zake. Kwa silinda ya milimita 56 hivi, ringi mpya katika silinda nzima huacha mwanya wa kama 0.2. Ukipima ringi mpya na bado mwanya ni mkubwa mno, tatizo limehama: silinda ndiyo imepanuka, na kubadilisha ringi peke yake ni kununua mwezi mmoja wa amani.

Hapo mwenye pikipiki ana njia mbili. Silinda inaweza kuchongwa Goma kwa mashine na kuwekewa pistoni ya saizi ya juu. Hizo hupanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, na namba huwa imegongwa kichwani mwa pistoni. Au ananunua seti kamili ya silinda, pistoni na ringi. Seti ni rahisi kuagiza kutoka mbali, kwa kuwa haihitaji mchongaji, lakini ubora wake hutofautiana sana na boksi lenye jina kubwa halithibitishi kitu. Anayetumwa Birere lazima abebe pistoni ya zamani mkononi. Jina la pikipiki halitoshi, kwani chini ya jina moja hupita injini zenye pini za pistoni tofauti.

Suala la majina lina historia. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitoa CG125 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni punda wa kazi, wakachagua fimbo za kusukuma valvu badala ya kamshafti ya juu inayozungushwa na mnyororo. Silinda yake ni ya milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5. Viwanda vya China viliiga muundo huo kwa majina mengi mno, na wajukuu wake wamefika hadi Mubi, kule Walikale. Fundi wa nyumbani anaupenda, kwa sababu kichwa kikitoka hakuna mnyororo wa kuangukia shimoni. Boxer za Bajaj na TVS za India zina kamshafti juu. Hizo zinahitaji waya wa kuufunga mnyororo usidondoke, na subira ya kulinganisha alama: ile ya T kwenye magneto na alama ya kizimba, kisha alama za gia ya juu na uso wa kichwa, pistoni ikiwa juu kabisa. Jino moja likikosewa, valvu inaweza kugonga pistoni kwenye kiki ya kwanza.

Karatasi na boksi la maharage au sabuni ni vifaa pia. Unachora umbo la kifuniko juu ya boksi, unatoboa tundu kwa kila boliti mahali pake, na kuichomeka humo inapotoka. Boliti za kifuniko kimoja hazilingani urefu. Ndefu ikiingizwa penye tundu fupi inapasua alumini. Simu ya kupiga picha ni nzuri, mradi ina chaji, na chaji ya huku ni ya sola. Boksi haliishiwi umeme.

Siku ya kufungua, kama yote hayo yametangulia, ni siku fupi. Kichwa, silinda, pistoni. Kabla ya kugusa viklipu vya pini, mdomo wa kizimba unazibwa kwa kitambaa safi, kwa kuwa klipu hupenda kurukia hapo na nusu ya injini italazimika kufuata. Klipu za zamani hazirudishwi. Konrodi inashikwa na kuvutwa juu na chini: ikicheza pembeni kidogo ni sawa, ikigonga wima beringi yake kubwa imekwisha, na hapo ndipo kazi ya uani inapokoma. Krenki hutenganishwa na kuunganishwa kwa presi, na kulinganishwa kwa kipimo cha saa. Kuna wanaoifanya kwa nyundo na mlango wa chuma. Mwandishi hakuwahi kuona krenki ya namna hiyo ikipanda Mushaki na mzigo mara nyingi. Ifungwe vizuri, ipelekwe Goma. Beringi chakavu zinazotoka humo hazitupwi: ni mali kwa watengeneza chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, kwani gurudumu la mbao halidai mzunguko wa maelfu kwa dakika.

Valvu husagwa kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye kikombe cha mpira. Jaribio lake ni la bei ya kikombe cha petroli: kichwa kikiwa na valvu na springi zake, unamimina petroli kwenye tundu la kuingizia, kisha la kutolea, na kutazama upande wa chumba cha moto. Pakilowa, unarudi kusaga. Gasketi ya chini ya silinda inaweza kukatwa kwenye karatasi ngumu, kwa kugongagonga ukingo kwa kinyundo, lakini unene ulingane na wa zamani, kwani karatasi nene hupunguza mgandamizo. Gasketi ya kichwa haikatwi nyumbani. Pistoni inarudi na alama yake upande unaotakiwa: mshale kwenye ekzosi, au herufi IN kwenye upande wa kabureta. Mianya ya ringi inatawanywa ili isikae mstari mmoja.

Kazi nyingi nzuri za aina hii zimekufa kwa sababu hakuna aliyetazama kichujio cha hewa. Sifongo iliyochanika, boksi la kichujio lenye ufa uliozibwa kwa gundi, au soksi iliyovishwa mdomo wa kabureta: vumbi la lava linapita hapo, na pistoni mpya inaanza kuzeeka siku ileile. Kichujio kinunuliwe pamoja na ringi, kama sehemu ya bei moja.

Na kabureta ina kesi ya Masisi na Walikale. Juu milimani hewa ni nyepesi, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi, plagi inakuwa nyeusi, na motari anaomba awekewe jeti ndogo. Pikipiki inachangamka. Wiki inayofuata anapata mzigo wa Walikale-centre, anateremka hadi chini ya mita 1,000 ambako hewa ni nzito, na jeti ileile sasa inatoa petroli pungufu. Injini inachemka kupita kiasi kwenye tope, gia ya kwanza, na pistoni inaweza kukwama au kutoboka. Msimamo wa Papa ulikuwa kwamba jeti huwekwa kwa ajili ya mahali pa chini kabisa pa njia ya mteja, hata kama juu itatoa moshi mweusi kidogo. Motari walilalamika kuhusu petroli wanayonunua kwa chupa kwa kadafi, wachuuzi wa mafuta wa kando ya barabara. Bora petroli ipotee, alisema, kuliko pistoni. Chupa hizo nazo zilikuwa na sharti: ya kwanza baada ya ukarabati iachwe isimame, ikaguliwe mwangani, na maji yakionekana chini yabaki humo.

Kabla ya kuwasha, plagi ikiwa nje, kiki hupigwa mara nyingi hadi oili ionekane imefika kwenye kichwa. Kisha injini inawashwa, inaachwa ipate joto, inazimwa, inapoa, inawashwa tena. Kilomita 500 za mwanzo ni za mzigo mdogo na mwendo wa kubadilikabadilika, na mwisho wake oili yote inamwagwa kwenye beseni jeupe na kupitiwa sumaku upya.

Hapo ndipo ugomvi huanza, maana motari ana hesabu ya kila jioni ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, na tajiri hataki kusikia habari ya kilomita 500. Mara ya mwisho mwandishi alipomsikia Papa akilijadili jambo hilo, ilikuwa na mwenye pikipiki aliyetaka chombo chake kibebe viazi vya Masisi kesho yake asubuhi. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tajiri alikubali abiria mmoja, bila gunia, na hesabu nusu hadi oili ibadilishwe. Papa akamtaka alipe bei ya oili hiyo ya pili palepale, akaiandika kwa chaki nyuma ya mlango, ndipo akamkabidhi ufunguo.